Karibu Si Chukua

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema wahenga, nao hawakuwahi kukutana na Klementi. Nyumbani kwa Bi Adija, Kilwa Kivinje, mgeni alikuja na mwenyeji akaugua. Aliugua aibu, akaugua hasira, na kidogo tu abaki na nyumba isiyo na mlango.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Biashara ilikuwa imefunguliwa na kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ruksa. Redio za ng'ambo ruksa. Kule Kilwa Masoko ilijengwa hoteli mpya, na wageni, wengi wao Wajerumani, wakaanza kuja kutazama magofu. Nyuma ya wageni waliokuja kutazama, wakaja watu waliokuja kununua.

Bi Adija hakuwa na habari nao. Yeye alikuwa msusi wa mikeka. Kila asubuhi alikaa uani, nyuma ya nyumba, akisuka ukili na kugombana na jogoo wake. Jogoo huyo aliitwa Bepari, kwa sababu alikula cha kila mtu na hakushiba. Alipenda hasa kuruka ukuta na kula ming'oko ya Salome. Ming'oko ni mizizi ya porini, mitamu sana ikichemshwa. Salome, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliichemsha na kuiuza barabarani.

"Mama Kondo!" Salome alipiga kelele. "Bepari wako ananimalizia biashara!"

"Mkanye! Kwani mimi nilimzaa?"

Salome alikuwa Mmakonde wa Newala, mwenye sauti ya kufukuzia nyani shambani. Yeye na Bi Adija waligombana asubuhi, jioni wakaombana chumvi. Lakini mwezi huo ugomvi ulipanda daraja. Salome alisema bombani, mbele ya ndoo za watu, kwamba wali wa Bi Adija una mchanga.

Bi Adija alizipata habari. Alikwenda dukani akanunua khanga. Khanga ile iliandikwa: MDOMO WA JIRANI HAUNA KUFULI. Akajifunga uani kwake, akawa anapita mahali ukuta ulipobomoka, mgongo kaupeleka kwa Salome, taratibu, ili mwenzake asome bila haraka.

Salome akasoma. Akanuna. Ugomvi ulikuwa unaelekea kwisha vizuri, kama ugomvi wao wote. Hapo ndipo mgeni alipokuja.

Siku hiyo Mzee Abdulrahmani, mume wa Bi Adija, alikuwa ameketi barazani, mbele ya nyumba. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, na mlango wake ulikuwa wa nakshi. Chini palichongwa samaki, pembeni mnyororo, juu maua. Babu yake mzee ndiye aliyeuweka.

Mzee Abdulrahmani alikuwa mtu wa adabu. Adabu yake ilikuwa kubwa kuliko nyumba. Mtu akisifu kofia yake, husema, "Yako hiyo." Mtu akisifu kikombe, husema, "Nenda nacho." Ndiyo adabu ya watu wa zamani. Mwenye kitu hukitoa kwa mdomo, na aliyesifu hukikataa kwa mdomo. "Aa, mzee, wewe ndiye unayefaa nacho." Wanacheka, na kitu kinabaki palepale. Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuondoka hata na kijiko.

Klementi alitokea na miwani ya jua na kamera kifuani. Alikuwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Alinunua vitu vya kale akawauzia wenye mahoteli.

"Hodi! Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mlango gani huu, mzee wangu! Sijapata kuona mlango mzuri namna hii."

"Ahsante. Wako huo."

Klementi akavua miwani. "Wangu?"

"Wako, baba. Na nyumba ni yako."

Mzee akangoja aambiwe, "Wewe ndiye unayefaa nao." Akangoja sana. Klementi alikuwa ameshaingia. Kwa kuwa nyumba ni yake, hakusimama ukumbini. Alipita ukumbi, akapita jikoni, akatokea uani.

Uani, Bi Adija alikuwa amejipaka liwa, ule unga mweupe wa kulainisha ngozi, nusu ya uso. Nusu ya pili ilikuwa bado, kwa sababu Bepari alikuwa ameiba kipande cha samaki. Kwa hiyo Bi Adija alikuwa kichwa wazi, khanga kifuani, mwiko juu, mdomo wazi, anamfukuza mwizi.

Kamera ikalia: kacha!

"We! Nani wewe?"

"Mgeni wa mzee, mama. Endelea tu. Usitazame huku."

Kacha!

Bi Adija akakimbilia chumbani. Alipotoka amejisitiri, mgeni ameshaondoka. Barazani palikuwa na chupa ya chai mpya, yenye maua mekundu.

"Nani yule, Baba Kondo?"

"Mgeni. Kijana mwema, ametuachia chupa."

"Mgeni gani wa kuingia mpaka uani?"

"Alipiga hodi, mke wangu."

"Mlangoni alipiga hodi! Uani alipiga picha!"

Mzee akaitazama chupa ya chai. Akaifungua, akainusa, akaifunga tena.

Mvua za masika zikaja zikaisha. Siku moja Salome aliingia nyumbani kwa Bi Adija bila hata hodi. Mkononi alishika kadi, zile kadi za picha ambazo wageni huwatumia jamaa zao kwa posta. Mwanawe Lukas, aliyekuwa akifanya kazi ya bustani katika hoteli ya Masoko, ndiye aliyeileta. Zilikuwa zinauzwa pale mapokezi.

"Adija! Kumbe ukuta haukukutosha?"

Bi Adija akaipokea kadi. Akajiona. Nusu ya uso nyeupe, nusu nyeusi, mwiko juu kama mkuki. Khanga ilikuwa imetanuka vizuri, maneno yanasomeka kama kibao cha barabarani. Na nyuma yake, juu ya ukuta, kilichomoza kichwa cha Salome. Kichwa kilikuwa kimeacha mdomo wazi.

"Jirani anayesemwa hapa ni mimi!" Salome alilia. "Nimepigwa nikiwa na mdomo wazi! Bila kufuli!"

"Na ukutani ulifuata nini?"

"Nilikuwa nasoma!"

Bi Adija akaketi chini polepole. Masikio yalimwaka moto. Mama mtu mzima, ambaye hakuwahi kuonekana na mkwe wake akiwa kichwa wazi, sasa anauzwa mapokezi.

"Salome," akasema, "khanga ile nilikuvalia wewe. Wewe peke yako. Sikumvalia Mjerumani."

"Sasa Wajerumani wote wanajua kuwa mimi ni mmbea."

"Kwani si kwe..."

"Adija!"

"Haya, nimenyamaza."

Wakatazamana. Ugomvi wao ulikuwa mali yao, nao waliutunza vizuri kwa miaka mingi. Sasa mtu mwingine alikuwa ameuchukua akauza.

"Twende kwangu," Salome akasema. "Mtoto wa dada yangu amefika. Ni wakili. Atatuambia."

Wakili huyo aliitwa Restuta. Alitoka Chuo Kikuu kuja Kivinje kufanya utafiti, na Kivinje nzima ilikuwa imeshamjadili. Watu walipomwuliza anachunguza nini, alitaja mambo matatu: faragha, haki za binadamu, na hifadhi ya malikale, yaani vitu vya kale. Watu wakaguna. Mtu mmoja, mambo matatu? Huyo ni mganga, ila anaficha. Siku iliyofuata mama mmoja akamletea mtoto mwenye kikohozi.

"Shikamoo, mama," Restuta alimwamkia Bi Adija.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mganga wa mambo matatu?"

"Wakili, mama."

"Basi tutibu hivyo hivyo."

Restuta akaitazama kadi. Akauma midomo asicheke. Ikashindikana. Alicheka mpaka Salome akamletea maji.

"Chini hapa wameandika Kizungu," Bi Adija akasema. "Wanasemaje?"

"Wanasema, 'Mwanamke wa pwani akijiandaa kwa vita.'"

"Vita na kuku?"

"Kuku hawakumtaja, mama." Restuta akafuta machozi. Uso wake ukabadilika. "Samahani. Nimecheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Huyo mtu alikuomba ruhusa ya kukupiga picha?"

"Alipiga hodi."

"Kwa mzee, mlangoni. Wewe alikuuliza?"

"Aliniambia niendelee."

"Huko si kuuliza. Mama, kuna haki inaitwa faragha. Ni haki ya mtu kuwa na yake. Uani kwako, chumbani kwako, mwili wako, barua zako, maneno unayomwambia mwenzio. Wewe ndiye unayeamua nani aone na nani asione. Imo katika Katiba ya nchi yetu, ibara ya kumi na sita. Kila mtu anastahili heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Na mawasiliano yake binafsi pia."

"Kila mtu? Hata msuka ukili?"

"Haikuandikwa 'kila mtu mwenye suti', mama."

Salome akasogea. "Hayo mawasiliano ndiyo nini?"

"Kupashana habari. Barua, simu..."

"Na khanga?"

Restuta akakuna kichwa. "Hilo sijasikia hakimu akiulizwa. Lakini khanga iliyovaliwa uani, ili jirani mmoja aisome? Mimi ningesimama mahakamani nikaitetea."

"Yaani hata kunisema mimi kuna siri yake kisheria!"

"Umeona?" Bi Adija akamwambia Salome, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Kisha tabasamu likamtoka. "Lakini mwanangu, watu watasema wenyewe tulimkaribisha. Mume wangu alisema karibu."

"Mama, ukimkaribisha mtu chai, umempa na sufuria?"

"Astaghafirullah! Sufuria yangu?"

"Basi karibu ina mpaka. Ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kupiga picha. Na ukimruhusu mtu akupige picha, hujamruhusu aiuze. Kila kitu kinaombwa peke yake. Na wewe unaweza kukubali hiki ukakataa kile. Kukataa si utovu wa adabu. Ni haki yako."

Bi Adija akageuka kutazama upande wa nyumba yake. Kuna jambo lilimjia.

"Mume wangu alimpa na mlango," akasema.

Restuta akaweka kikombe chini. "Alimpa mlango?"

"Kwa mdomo. Kwa adabu. Alisema, 'Wako huo.'"

"Ule mlango wa nakshi? Uliwekwa lini?"

"Uliwekwa na babu yake. Mjerumani alikuwa bado anatawala."

"Basi sikilizeni. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mlango uliochongwa nakshi kabla ya mwaka 1940 unalindwa na sheria hiyo, na miimo yake pia, zile mbao za pembeni. Hauuzwi, haubadilishwi na kitu kingine, wala hausafirishwi nje bila kibali cha serikali."

"Hata sisi wenyewe tukitaka?"

"Hata ninyi."

"Basi si wetu!" Bi Adija alikasirika. "Tunaufungua sisi, tunaufuta vumbi sisi, kumbe una mwenyewe Dar es Salaam?"

"Ni wenu, mama. Ni kama jina la ukoo. Jina ni lako, unaitwa nalo kila siku. Lakini ukiliuza, wajukuu wataitwa nani?"

Hilo Bi Adija alilielewa. Aliwaza pia jambo jingine, dogo na la karibu zaidi. Mlango ule ndio uliomfungia ndani na mumewe kila usiku. Ukiondoka, Kivinje nzima itakuwa kama ile kamera.

"Akija kuuchukua tufanye nini?"

"Msimpige. Msimwachie. Mwiteni mwenyekiti wa kijiji, na afisa utamaduni wa wilaya apelekewe habari. Mwulizeni kibali chake kiko wapi. Na mniite mimi."

"Tutakuita," Salome akasema. "Sauti ninayo."

Haikupita wiki. Bi Adija alikuwa uani aliposikia kishindo cha nyundo mbele ya nyumba. Akatoka mbio. Nje palisimama gari, pikapu nyeupe inayong'aa. Klementi alikuwa ameegemea gari lake. Fundi aliyeitwa Yohana, mtu wa Somanga, alikuwa ameshang'oa misumari miwili kwenye mwimo, na sasa ameshika mtaimbo. Mzee Abdulrahmani aliketi barazani, kichwa chini, kama mtu wa msibani.

"Baba Kondo! Wanafanya nini hawa?"

"Wanachukua mlango wao."

"Wao?"

"Neno lilinitoka, mke wangu. Mtu mzima hali matapishi yake."

"Na usiku tutafunga na nini?"

"Tutatundika khanga."

"Khanga ipi? Ile ya kuwatangazia wezi kuwa hatuna kufuli?"

Watu walianza kujaa. Salome akapanua kifua. "Restutaaa!" Kuku wa mtaa mzima wakaruka. Restuta alitoka mbio na kiatu kimoja, na mtu mwingine akatumwa kwa mwenyekiti.

Klementi akajitia upole. "Mama, mlango nilipewa na mwenyewe. Chupa ya chai niliwaletea. Hakuna ugomvi. Hizi ni zama za soko huria."

Bi Adija akaingia ndani, akatoka na chupa ya chai, akaiweka juu ya boneti ya gari. "Chupa yako hiyo. Soko ni huria, mlango wangu una mwenyewe. Kibali chako kiko wapi?"

"Kibali gani?"

"Cha Mambo ya Kale. Sheria ya mwaka sitini na nne."

Klementi akacheka. "Mwaka sitini na nne! Mama, mimi hata sijazaliwa."

"Mlango ulikuwa umezaliwa!"

Watu wakashangilia. Lakini Klementi alimgeukia mzee. "Mzee, ulisema, hukusema?"

"Nilisema," mzee akajibu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Yohana, piga kazi."

Yohana akainua mtaimbo. Bi Adija akaona mbao ya mwimo ikitikisika. Msumari mmoja zaidi, na samaki wa babu watapanda gari. Restuta alifungua mdomo aseme. Bi Adija akamzuia kwa mkono. Akaanza kulizunguka gari polepole, akiligusa hapa na pale.

"Gari zuri hili," akasema.

"Ahsante, mama." Klementi alifurahi kuona hasira zimepoa.

"Zuri sana. Sijapata kupanda gari la namna hii. Viti vyake laini!"

"Karibu, mama, karibu. Pumzika kidogo fundi amalize."

"Umesema karibu?"

"Karibu kabisa."

Bi Adija akafungua mlango wa dereva, akapanda, akakaa. Akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la khanga yake, akaichomeka khanga kiunoni. Kisha akakunja mikono.

"Ahsante," akasema. "Nimekaribia."

Klementi alidhani ni utani. "Mama, ufunguo."

"Ufunguo wa gari langu?"

"Gari lako?"

"Mume wangu alisema karibu, mlango ukawa wako. Wewe umesema karibu, gari limekuwa langu. Au karibu ya Dar es Salaam haifiki Kivinje?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Salome alikaa chini kabisa, miguu juu. Klementi alizunguka upande huu, akazunguka upande ule. Kumshika mama wa watu hakuweza, macho ya mtaa mzima yalikuwa kwake. Jasho likamtoka.

"Shuka, mama! Karibu ni neno tu! Watu wote wanasema! Ni adabu tu!"

Kicheko kikakatika.

"Naomba urudie hapo," Restuta akasema.

Klementi akafumba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Yohana akaweka mtaimbo chini. "Bosi," akasema, "umejihukumu mwenyewe."

Mzee Abdulrahmani akainua kichwa. Akasimama, akasogea mpaka mbele ya Klementi.

"Ni adabu tu, mwanangu?"

"Ni adabu tu, mzee," Klementi akasema kwa shida.

"Alhamdulillah. Basi na yangu ilikuwa adabu tu." Mzee akapumua kama mtu aliyetuliwa gunia.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Rashidi, alipofika, Restuta alimweleza sheria ya mlango, kisha akamweleza habari ya faragha. Salome akatoa kadi. Mwenyekiti akaitazama, akaigeuza, akakohoa sana. Akasema anakohoa kwa ajili ya vumbi.

Klementi hakuwa na kibali chochote. Mwenyekiti akamwambia habari itapelekwa wilayani. Restuta naye akamwambia wazi: kadi zote zitolewe hotelini na madukani, la sivyo Bi Adija na Salome watakwenda mahakamani, na yeye atakwenda nao. Yohana akarudisha misumari miwili aliyoing'oa, akaikaza vizuri kuliko mwanzo. Ndipo Bi Adija aliposhuka garini. Alilifungua pindo la khanga polepole sana.

Baada ya hapo mambo yalibadilika Kivinje. Afisa utamaduni alikuja akauandikisha mlango, akapita nyumba kwa nyumba kutazama milango mingine. Ikajulikana kuwa Klementi alikuwa ameshasifu mingine mtaani, na wenyewe walikuwa wanangoja tu ing'olewe, wakiona haya kukataa. Sasa hawakuona haya. Mgeni akitaka kupiga picha, watoto wenyewe walimwuliza, "Umeomba?" Wengine walikubali, wengine walikataa, na hakuna aliyeitwa mkorofi.

Kazi ngumu ilikuwa ya Mzee Abdulrahmani. Restuta alimwambia asiache adabu yake. Ila mgeni asiyejulikana akisifu kitu, aseme "ahsante" aishie hapo. Mzee alijizoeza barazani. "Kofia nzuri, mzee." "Ahsante. Ya..." Akajishika mdomo. "Ahsante."

Kadi zilizokwisha kutumwa hazikurudi. Huko Ulaya kuna nyumba ambamo, mpaka leo, Bi Adija anapigana na kuku ukutani. Lakini zilizobaki zilitolewa madukani, na siku moja Klementi alizileta zote kwenye boksi. Alikuja kwa miguu. Akasimama mbali kidogo na baraza.

"Hodi!"

"Karibu barazani," Bi Adija akasema.

"Niingie, mama?"

"Barazani panatosha."

Klementi akaketi, akaweka boksi chini. Salome alikuwepo, na Restuta, na majirani waliojifanya wanapita. "Mama," Klementi akasema, "naomba radhi. Niliingia mpaka uani bila ruhusa yako. Nikauza sura yako na ya jirani yako. Nikataka kubeba mlango kwa neno la heshima. Nimekosa."

"Nimekusamehe," Bi Adija akasema. Salome naye akasema amesamehe, ila kwa ile picha yake ya mdomo wazi atasamehe kidogo kidogo.

Mzee Abdulrahmani alifurahi sana. Akamwinamia mkewe. Mgeni akiomba radhi, mwenyeji naye humwomba mgeni, ndipo mambo yanakwisha kiungwana.

"Na wewe sema neno, mke wangu. Ulikalia gari lake. Ulimficha ufunguo. Ulimtoa jasho mbele ya watu."

Majirani waliojifanya wanapita wakasimama. Klementi akainamisha kichwa, tayari kupokea.

"Siombi," Bi Adija akasema.

"Kidogo tu, Adija. Kwa adabu."

"Adabu ninayo. Nimemkaribisha, nimemsikiliza, nimemsamehe. Chai inachemka, nitampa na sukari." Akajitanda khanga yake vizuri. "Lakini gari nililikalia kwa akili zangu timamu, na angekuja na lori ningelikalia lori. Radhi siombi."